Washauri nasaha na wanasaikolojia: mwili wako unafanya nini mteja akiwa kitini?

MkaaKitini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa watu wa kazi ya kusikiliza: washauri nasaha wa CTC (kliniki za huduma na tiba ya VVU), wanasaikolojia tiba, maofisa ustawi wa jamii, askari wa dawati la jinsia, wanaopokea simu za 116 (namba ya msaada kwa watoto), na hata mashehe na wachungaji ambao watu huwafungia mlango na kulia. Wengine karibuni pia, ila msije na ile ya "kwani kusikiliza nako ni kazi?"

Nimehudhuria semina nyingi za "kujitunza kwa mtoa huduma". Karibu zote hukimbilia baada ya saa za kazi: lala vya kutosha, fanya mazoezi, nenda ufukweni, kaa na familia. Sina ugomvi nazo, na posho tunaipokea. Ila mwili hausubiri Jumamosi. Unaanza kukaza saa nne asubuhi, mteja wa pili akiwa katikati ya habari yake. Ukiuacha hivyohivyo, mteja wa saa nane hatamkuta mtu, atakuta fomu inayoongea.

Tuanze na mwili wenyewe. Tunao mfumo wa neva unaojiendesha bila kutuomba ruhusa. Upande mmoja huamsha: moyo mbio, pumzi juu juu, misuli tayari. Upande wa pili hutuliza. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia. Sasa jiangalie wewe. Binti wa miaka 14 anakusimulia alichofanyiwa na mjomba wake. Mwili wako umesikia hatari, umejiandaa. Huyo mjomba huwezi kupigana naye, na kukimbia huwezi. Umekaa, unatikisa kichwa, unasema "ehe, nakusikiliza". Maandalizi yote yale yanabaki ndani. Binti anatoka, anaingia mwingine aliyefuata majibu ya kipimo, nawe unamshangaa kwa nini anaongea polepole namna ile.

Kuna utafiti mmoja naupenda. Mwaka 2007 Carl Marci na wenzake wa Boston walichapisha kazi waliyoifanya na jozi 20 za wataalamu na wateja wao. Waliwapima wote wawili mabadiliko ya jasho la ngozi wakati mazungumzo yakiendelea. Kadiri vipimo vya wawili hao vilivyopanda na kushuka pamoja, ndivyo mteja alivyosema mtaalamu wake anamwelewa. Kwa hiyo kuchukuliwa kidogo na mwili wa mteja si unyonge, ndiyo kazi yenyewe. Hatari ni kupanda naye bila kujua kwamba umepanda, maana asiyejua amepanda hatashuka.

Wazee wa fani hii walibishana sana kuhusu jambo hili. Freud mwaka 1910 aliziona hisia zinazomwamkia mtaalamu kama kikwazo, kitu cha kushindwa na kuwekwa pembeni. Miaka 40 baadaye, mwaka 1950, Paula Heimann akiwa London akaligeuza: hisia zako mbele ya mgonjwa ni chombo cha kumwelewa. Mimi niko upande wa Heimann, kwa sharti moja, kwamba kwanza uhakikishe hisia hiyo ni ya nani. Ni ya mteja? Ni yako, kwa sababu umemkumbuka marehemu dada yako? Au ni njaa? Msicheke. Huzuni nyingi za saa saba mchana huondoka na sahani ya wali maharage.

Kujijua ninakosema si kukaa na kutafakari maisha. Ni kuzijua dalili zako mwenyewe, za mwili, moja moja. Mimi zangu nazijua: ulimi unaganda juu kwenye kaakaa, kidole gumba cha mguu kinajikunja ndani ya kiatu, na naanza kumpa mteja ushauri harakaharaka kabla hajamaliza. Ile haraka si ujuzi. Ni mwili unaotaka habari ile iishe.

Upande wa pili wa dalili watu wengi hawaujui. Macho yanakuwa mazito, miayo, sauti ya mteja inasikika kana kwamba inatoka chumba cha jirani. Utasema jana sikulala. Inawezekana. Lakini kama ulikuwa mzima hadi alipofika kwenye kifo cha mtoto, na ghafla usingizi ukakushika, huo si usingizi wa jana. Daniel Siegel mwaka 1999 alileta picha ya dirisha la ustahimilivu: ukitokea juu yake unahangaika, ukitokea chini unaganda na kuzimika. Ndani ya dirisha unaweza kusikia jambo zito na bado ukafikiri.

Sasa unafanyaje mteja akiwa mbele yako? Hapo huwezi kufumba macho wala kutandika mkeka. Ninachofanya hakionekani. Nakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili hadi nisikie ugumu wake. Naacha uzito wa mwili uende kwenye kiti badala ya kujishikilia na mabega. Halafu naangalia nimekaaje, kwa sababu mteja akiinama nami huwa nimeinama, akikumbatia mkoba nami nimekumbatia faili. Nikiegemea nyuma kidogo, kifua kinafunguka na ninamwona vizuri zaidi. Mwisho ni pumzi: naitoa taratibu kuliko nilivyoivuta. Moyo wa mtu huenda mbio kidogo akivuta hewa na hupungua mwendo akiitoa, na neva ya vagasi, inayotoka shina la ubongo ikashuka shingoni hadi tumboni, ndiyo inayoshika mwendo huo. Ukivuta kwa sekunde 4 na kutoa kwa 6 unapata pumzi 6 kwa dakika, na hapo ndipo tofauti ya mapigo huwa kubwa kwa watu wengi. Raundi tatu nne zinatosha. Mteja atadhani unafikiri, na kwa kweli ndipo unapoanza kufikiri.

Na kati ya mteja na mteja? Dakika tatu. Simama. Malizia maelezo kwenye faili ili habari ibaki kwenye karatasi. Nenda mlangoni uangalie kitu kilicho mbali. Pale kwetu kuna mwarobaini nyuma ya jengo la maabara, mimi huangalia matawi ya juu. Simu iache. Kuingia kwenye grupu la familia kati ya wateja wawili ni kuongeza mteja wa tatu, tena asiye na faili.

Haya, jukwaa lenu.

---

Mdau wa Mbagala

Nimeweka kambi hapa. Mke wangu ni mshauri nasaha, leo ndiyo nimeelewa kwa nini akirudi jioni hataki kuulizwa kitu hadi aoge.

---

FoleniYaSaaMbili

Mkuu, uzi umeandikwa vizuri lakini naomba nikupinge. Hizo dakika tatu unazitoa wapi? Sisi kituoni tuko wawili. Saa mbili asubuhi benchi limejaa hadi kwenye ngazi. Chumba cha unasihi ndicho stoo ya maboksi ya fomu, pazia ndiyo mlango, na nesi anaingia kuchukua glavu mteja akiwa analia. Halafu mtu anakuja kunifundisha kukanyaga sakafu.

Wasiwasi wangu ni huu: mambo ya kupumua yakishika kasi, viongozi watayapenda sana kwa sababu hayana bajeti. Watatuambia tujitulize, huku wateja wanaongezwa.

---

MkaaKitini

Unayosema ni kweli, na sitaki uzi wangu utumike kumnyamazisha mtu. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alipoanza kuandika kuhusu uchovu huu wa kazi (burnout) mwaka 1974, alikuwa anaeleza wafanyakazi wa kliniki ya bure New York, watu waliojitolea hadi wakaisha. Na Shirika la Afya Duniani lilipouingiza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019 halikuuita ugonjwa wa mtu. Liliuita hali itokanayo na msongo wa kazini usioshughulikiwa vyema. Kazini, siyo kifuani mwako. Sentensi hiyo mpelekee mganga mfawidhi wako.

Ila usiende kuomba mapumziko, utajibiwa kwamba wote tumechoka. Nenda na ratiba. Mwambie wateja wapya wa ukatili wasifuatane wawili, katikati awekwe mtu wa ufuatiliaji. Mwambie kesi nzito isiwe ya mwisho, ili usiondoke nayo kwenye daladala. Mwambie pazia libadilishwe mlango, na glavu zihamie kwingine. Hayo si mapumziko, ni mpangilio wa kazi, na kiongozi mwenye akili huona faida yake kwa haraka.

Na siku atakapokataa, bado utakuwa na mwili wako kwenye kiti kile. Ndiyo maana naandika yote mawili.

---

MtuWaTakwimu

Mleta mada, umetaja vagasi, nikashika kichwa. Nashukuru umeishia kwenye pumzi na moyo, kwa sababu hapo ushahidi upo. Ila nawaonya wenzangu: kwenye mitandao mambo ya vagasi yamegeuka duka la dawa za kienyeji. Kila mtu anauza zoezi la "kuamsha vagasi".

Nyingi ya hizo zinaegemea nadharia aliyoileta Stephen Porges mwaka 1994, ya ngazi tatu za mfumo wa neva: utulivu wa kijamii, kupigana au kukimbia, na kuganda. Wataalamu wa tiba ya kiwewe wanaipenda kwa sababu inawapa lugha nzuri ya kuongea na mteja. Lakini wanafiziolojia wameipiga sana. Paul Grossman ni mmoja wa wakosoaji wake wakubwa: anasema maelezo yake kuhusu mabadiliko ya viumbe hayasimami, na kile kipimo cha moyo kinachofuata pumzi hakiwezi kusomwa moja kwa moja kama kipimo cha nguvu ya vagasi.

Kwa hiyo ukiona kutoa pumzi taratibu kunakusaidia, endelea. Huhitaji nadharia hiyo kuelewa kwa nini.

---

MkaaKitini

Nakubaliana. Niongeze tahadhari moja: kuna watu ambao kuielekeza akili kwenye pumzi kunawazidishia hofu, hasa wenye pumu au waliowahi kukabwa. Hao waanzie kwenye nyayo, au kwenye vitu wanavyoviona chumbani. Hilo ni kwa wateja na kwa sisi wenyewe pia.

---

MwanaLikoni

Ahsante sana kwa uzi huu. Mimi ni mwanasaikolojia Mombasa, wateja wangu wengi ni kina mama na vijana waliotoka kwenye dawa za kulevya.

Niwaambie linalonisaidia mie, nalo halina gharama. Baina ya mteja na mteja huchukua udhu, hata kama si wakati wa sala. Maji ya baridi mikononi, usoni, hadi nyayo. Niliyoyasikia yanabaki kwenye karai. Kisha adhuhuri na alasiri zinanikatia siku vipande vitatu, na wateja wangu wanajua hakuna miadi hapo. Bosi wangu wa kwanza, ambaye si Mwislamu, aliona faida yake, naye akaanza kutoka nje kutembea wakati ule ule.

La pili ni la kitaalamu. Kuna watafiti Olga Klimecki na Tania Singer, waliokuwa Leipzig, Ujerumani. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 uliwafundisha watu kwanza kuhisi maumivu ya wengine walipoangalia video za watu wanaoteseka. Hisia mbaya zikapanda. Kisha wakawafundisha kumtakia yule mtu heri, kumwelekezea upendo. Hisia njema zikarudi, na sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa tofauti. Mimi hilo naliona kila siku. Nikijiuliza "ningekuwa yeye ingekuwaje?" nazama. Nikijiambia kimoyomoyo "Mola akufanyie wepesi," nabaki karibu naye na sizami.

Kwetu Kenya ipo Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na ni hatua nzuri. Lakini leseni haikuambii mabega yako yamepanda. Hilo atakwambia mwenzako anayekusikiliza.

---

DawatiNamba3

Shikamooni. Mimi naandika kifupi maana niko zamu.

Mnaongelea mwili wa siku moja. Mimi nauliza kuhusu ule unaobadilika miaka. Zamani mwanangu alikuwa analala kwa shangazi yake bila neno. Sasa simwachii mtu. Nikimwona mwanaume kashika mkono wa mtoto njiani, naangalia mara mbili. Mume wangu anasema nimekuwa askari hadi jikoni. Pumzi haziondoi hilo.

---

MkaaKitini

Marahaba. Haziondoi, uko sahihi kabisa. Hiyo ina jina lake. McCann na Pearlman waliandika mwaka 1990 kuhusu kiwewe kinachomwingia anayesikiliza, na hoja yao kuu haikuwa uchovu. Walisema imani za msingi zinageuka: nani wa kuaminiwa, dunia ni salama kiasi gani, mimi nina uwezo gani wa kuwalinda wangu. Ndicho unachokieleza.

Hiyo inataka mtu wa kuongea naye mara kwa mara, aliyefunzwa, ambaye si bosi wako. Bosi anataka kujua kesi ngapi zimefungwa. Huyu mwingine anataka kujua kesi ipi imekufuata nyumbani. Na kama picha za kesi zinakujia usiku bila kuzialika, au glasi ya jioni imekuwa mbili halafu tatu, basi wewe ndiye mteja sasa, tafuta mshauri wako mwenyewe bila aibu. Dokezo dogo la zamu: unapoandika maelezo ya tukio, andika, kisha inuka, gusa ukuta au meza, na useme kwa sauti leo ni siku gani na uko wapi. Inaonekana kama utani. Unaukumbusha mwili kwamba tukio lile si la sasa.

---

MbongoBirmingham

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Huku chama cha washauri cha BACP kinawataka wanachama wenye ithibati wapate angalau saa moja na nusu ya usimamizi wa kitaaluma kila mwezi, na msimamizi si mtu wa kukukagua. Nilipokuja nilidhani ni polisi. Siku ya kwanza aliniuliza: "Ukimtaja mteja huyu, mkono wako unakwenda kooni. Kuna nini?" Sikuwa nimeona.

Niongezee la wanaofanya kazi kwa video. Ondoa picha yako mwenyewe kwenye skrini. Kujitazama uso siku nzima ni kujisimamia kama mtu aliye kwenye kamera ya ulinzi, na shingo inaganda. Mimi huwa naweka kompyuta juu zaidi na kusogea nyuma ili mteja aone hadi kifua. Halafu kati ya miadi nafungua dirisha hata kama nje ni nyuzi mbili. Baridi ile inaniamsha kuliko kahawa.

---

SimuYaUsiku

Sisi wa simu hatuna hata uso wa mteja. Sikio moja tu. Mtoto akinyamaza, hujui kama amekata, amejificha, au kuna mtu ameingia chumbani. Ule ukimya ndio unaonikaza kuliko maneno. Nilichojifunza: nasimama. Simu ngumu zote nazipokea nimesimama, nahamisha uzito mguu huu hadi ule. Nikikaa nakunja mwili wote kuelekea kwenye spika.

Na tuna kanuni ndogo zamu yetu, ukivua hedifoni baada ya simu nzito, jirani yako anakusogezea maji bila kuuliza. Hakuna anayetaka usimulie. Unakunywa, unarudi.

---

MwanafunziMwakaWaTatu

Dada MkaaKitini, nina swali. Niko mafunzo kwa vitendo. Mwalimu ananiuliza "unahisi nini mwilini?" na kweli sihisi kitu. Wenzangu wanataja kifua, tumbo, mimi najibu "niko sawa". Je, sifai kazi hii?

---

MkaaKitini

Unafaa, mdogo wangu. Wengi tumelelewa kutousikiliza mwili. Umeanguka, unaambiwa inuka hujaumia. Mtu mzima akisema amechoka anaulizwa amelima shamba gani. Huwezi kutoka huko ukaingia darasani ukataja kifua na tumbo siku hiyohiyo.

Usianze na hisia, ni mbali sana. Anza na vitu vinavyoweza kujibiwa ndiyo au hapana. Meno yangu ya juu na chini yanagusana? Mabega yako karibu na masikio? Nimemeza mate mara ya mwisho lini? Mikono ni ya baridi au ya moto? Jiulize hayo kabla mteja hajaingia, kisha baada tu ya kutoka, na uandike pembeni ya daftari lako, siyo kwenye faili lake. Baada ya wiki chache utaona mtindo. Labda meno hugusana kila anapokuja mwanaume wa umri wa baba yako. Hapo utakuwa na kitu cha kumpelekea mwalimu, tena kizuri kuliko "kifua kinabana" ya kuigiza.

Kingine, fanya mazoezi siku nyepesi. Usisubiri kesi ya msiba ndiyo ujaribu kukanyaga sakafu. Jaribu kwenye foleni ya benki, ukisimamishwa na trafiki, mama mkwe akipiga simu.

FoleniYaSaaMbili, nimeona PM yako kuhusu ratiba. Kesho niko zamu ya asubuhi, nikitoka nitakutumia ile tunayotumia kwetu uibadilishe upendavyo. Nitaondoa majina ya vyumba.

---

FoleniYaSaaMbili

Poa mkuu. Weka na sehemu ya mlango.